Kudukiza Kilio cha Jirani

Natumaini mmekwisha kukaa, taa imewekwa mahali pazuri, na kila mtu ana daftari lake na kalamu. Aliyesahau kalamu leo asihangaike sana, maana somo hili linataka masikio kuliko vidole.

Neno letu la leo ni KUDUKIZA. Mwalimu, tafadhali liandike ubaoni, na chini yake ulikate vipande: ku-du-ki-za. Someni pamoja. Vema.

Kudukiza ni kusikiliza kwa siri maneno ambayo hukuambiwa wewe. Watu wawili wanazungumza uani, nawe uko upande wa pili wa ua wa makuti, umetega sikio. Kwa desturi zetu jambo hili ni aibu, na mtoto akikamatwa analifanya hukaripiwa. Lakini wanyama hawana aibu hiyo. Wako wanyama wengi sana ambao uhai wao unategemea kudukiza, tena wanadukiza watu wa kabila jingine kabisa: nyani anamdukiza ndege, paa anamdukiza ndege, kifaru anamdukiza ndege. Leo tutaona wanavyofanya.

Tuanze nyumbani, hapa Mbagala. Saa sita mchana, ua mmoja si mbali na Rangi Tatu. Mama mwenye nyumba amekaa kivulini anapeta mchele. Kuku wake yuko mbele yake na vifaranga, wanadonoa chenga zinazoanguka. Mama hatazami juu wala hatazami nyuma. Macho yake yako kwenye ungo. Mara jogoo anatoa sauti hii.

(Hapa ilisikika sauti ya jogoo, moja, nyembamba na ya kuvutwa.)

Vifaranga wote wanakimbilia chini ya mgomba. Mama anainua uso, anaona mwewe anazunguka juu ya mapaa ya bati. Sasa sikilizeni sauti ya pili.

(Hapa ilisikika sauti ya jogoo ya kukatakata: kot, kot, kot, kotaa!)

Sauti hii si ile ya kwanza. Mama akiisikia hatazami mbinguni. Anachukua fagio na kuchungulia nyuma ya banda, maana anajua kwamba adui yuko chini: paka wa jirani, au nguchiro, au nyoka. Nani amemwambia? Jogoo hakusema naye. Jogoo alikuwa akisema na kuku wake. Mama amedukiza.

Nyinyi mliofuga kuku mnacheka, maana mambo haya mnayajua tangu utoto. Lakini mabingwa wa elimu ya wanyama walitaka kuhakikisha. Katika miaka ya 1980 na 1990, Bwana Christopher Evans, Bibi Linda Evans na Bwana Peter Marler, huko Marekani, walimweka jogoo kizimbani wakamwonyesha picha za televisheni. Televisheni ilipokuwa juu yake, nayo ikaonyesha ndege mkali akiruka, jogoo alitoa sauti nyembamba. Ilipokuwa ubavuni, ikaonyesha mnyama wa kwao mla kuku, mfano wa fungo, alitoa ile ya kukatakata. Kisha wakazinasa sauti zile na kuwasikilizisha kuku majike pasipo picha yo yote. Kwa sauti ya kwanza majike walijificha na kutazama juu. Kwa sauti ya pili walisimama wima, shingo ndefu, wakatazama huku na huku usawa wa ardhi. Kwa hiyo zile sauti zina maana yake. Si kelele za woga tu. Tena liko jambo jingine la kuchekesha: jogoo aliye peke yake, hana wa kumsikiliza, akimwona mwewe mara nyingi hunyamaza.

Sasa swali. Kwa nini sauti ya mwewe ni nyembamba na ya kuvutwa, na sauti ya adui wa chini ni ya kukatakata? Bwana Marler huyu huyu alilieleza jambo hili mwaka 1955 kwa kuwachunguza ndege wadogo wa Ulaya. Sauti nyembamba ya juu, inayoanza polepole na kwisha polepole, ni vigumu kutambua imetoka wapi. Jaribuni darasani: mtu mmoja ajifiche na kupiga mluzi mwembamba wa namna hiyo, nanyi mfumbe macho mmwonyeshe kwa kidole. Wengi mtakosea. Ndege anayeonya habari za mwewe hataki mwewe ajue alipo yeye mwenyewe. Lakini adui wa chini, mathalani nyoka, akikwisha kuonekana amekosa bahati yake. Hapo faida ni kumfichua na kuwaita wengine waje kumzomea. Basi sauti inakuwa ya kukwaruza, fupi fupi, ya kurudiwa, ambayo kila mtu atajua imetoka tawi gani.

Sababu hiyo inawabana ndege wote sawasawa, na ndiyo maana vilio vya ndege wa aina mbalimbali vinafanana. Shorewanda hajui lugha ya chozi, wala chozi hajui ya shorewanda, lakini kila mmoja akilia kwa nyoka hulia kwa sauti ya kukwaruza, na mwenzake anaelewa.

Shorewanda mnamfahamu: ndege wa kahawia, kichwa cheusi, chini ya mkia ana manjano, mpenda mapapai. Nimemtaja kwa makusudi. Katika pwani yetu hii yuko nyoka wa kijani, mwembamba, mrefu, anayekaa miembeni, mikoroshoni na minazini, na sumu yake yaweza kuua mtu. Ukimtafuta kwa macho humwoni, maana rangi yake ni rangi ya majani. Shorewanda humwona. Wakimwona huja wawili, watatu, na ndege wengine nao huja, wote wanamkabili tawini na kupiga kelele bila ya kuondoka. Mtu aliyekulia shambani akisikia makelele ya namna hiyo katika mwembe mmoja, hamruhusu mtoto kupanda mwembe ule mpaka ametazama vizuri. Maembe hayakimbii.

Haya, sasa tufunge safari. Tutoke Mbagala, twende kaskazini mpaka Amboseli, nchi tambarare iliyo chini ya mlima Kilimanjaro kwa upande wa Kenya. Huko wako tumbili wengi, na huko ndiko wataalamu walikojifunza mengi juu ya vilio vya hatari.

Mwaka 1967 Bwana Thomas Struhsaker aliandika kwamba tumbili wa Amboseli wana kilio kimoja kwa chui, kingine kwa tai, na kingine kwa nyoka. Wakisikia kilio cha chui hukimbilia mtini. Wakisikia cha tai hutazama juu au hujitupa kichakani. Wakisikia cha nyoka husimama kwa miguu ya nyuma na kuchungulia majani. Mwaka 1980 Bwana Robert Seyfarth, Bibi Dorothy Cheney na yule Bwana Marler wakatangaza kwamba wameficha kipaza sauti kichakani na kuwasikilizisha tumbili vilio vilivyonaswa. Hapakuwa na chui, wala tai, wala nyoka. Tumbili walifanya vile vile.

Mpaka hapo ni habari ya tumbili na tumbili. Lakini katika nchi ile yuko kwezi, ndege mzuri sana, mgongo wake wa buluu unang'aa na tumbo lake ni la rangi ya chungwa lililoiva. Kwezi naye ana vilio vyake, kimoja kwa ndege wakali na kimoja kwa maadui wa chini. Bibi Cheney na Bwana Seyfarth wakawasikilizisha tumbili vilio vya kwezi. Kilio cha adui wa chini kilipotoka, tumbili walikimbilia mitini. Kilio cha ndege mkali kilipotoka, walitazama juu. Na ulipotoka wimbo wa kawaida wa kwezi, ule anaoimba akiwa hana shida, hawakushughulika nao.

Fikirini maana yake. Kwezi hamlilii tumbili. Hajali kama tumbili ataliwa. Analilia wenzake na watoto wake. Tumbili ameketi chini yake, anachambua mbegu za migunga, na amekwisha kujua tofauti ya vilio vya ndege huyu kama mama wa Mbagala anavyojua vya jogoo.

Je, tumbili huzaliwa na ujuzi huo? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba watoto wa tumbili wanaokaa mahali wanaposikia kwezi mara kwa mara huelewa vilio vyake mapema kuliko watoto wa mahali wanapovisikia kwa nadra. Kwa hiyo kuna kujifunza, na kujifunza kunataka kuwa na jirani wa kujifunza kwake. Na Bwana Robert Magrath na wenzake, huko Canberra, Australia, walilijaribu jambo hili wazi wazi. Walichukua sauti ngeni ambayo ndege wadogo wa pale hawakupata kuisikia, nao hawakuijali. Kisha, kila sauti ile ilipopigwa, wakarusha mfano wa mwewe juu ya vichwa vyao. Baada ya siku mbili za mafunzo haya, sauti ile ngeni ikipigwa peke yake, ndege walikimbilia kichakani. Habari hii ilichapishwa mwaka 2015. Siku mbili, ndugu wanafunzi! Sisi kwa herufi tumechukua zaidi, lakini na herufi ni nyingi.

Kutoka Amboseli tushuke kuelekea pwani. Ukisafiri kwa barabara toka Mombasa kwenda Voi unapita katika nyika kavu ya Taru. Hapo Bibi Anne Rasa alikaa akiwatazama nguchiro wadogo, wale ambao mmoja wao hafikii hata nusu kilo. Wanalala katika vichuguu, na asubuhi wanatoka kundi zima kwenda kutafuta wadudu. Wanapopita majanini, panzi huruka. Na hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, hufuatana nao ili awadake panzi hao.

Sasa tazameni biashara yao. Nguchiro akiinama kuchimba haoni mbingu. Hondohondo anaona. Ndege mkali akitokea, hondohondo hulia na nguchiro wote huingia mashimoni. Bibi Rasa aliona kwamba hondohondo wakiwapo, nguchiro hupunguza walinzi wao, na wale waliopunguzwa wanapata nafasi ya kula. Asubuhi hondohondo hufika mapema na kungoja mtini kando ya kichuguu mpaka nguchiro waamke. Na siku ambayo hondohondo hawajafika, nguchiro nao hukawia kuondoka. Zaidi ya hayo, hondohondo walilia hata kwa ndege wakali ambao hawamli hondohondo bali humla nguchiro tu. Hapo mambo yamepita kudukiza. Huyu sasa anamwambia mwenzake. Habari hii ilitangazwa mwaka 1983, na mimi katika habari zote za leo hii ndiyo inayonipendeza kuliko nyingine, maana hakuna aliyewafunga mkataba.

Digidigi hana bahati kama hiyo. Yule paa mdogo haishi kwa makundi. Yuko yeye na mwenzi wake na pengine mtoto. Macho yao ni machache. Katika nchi ya Laikipia, Kenya, kwenye kituo cha uchunguzi cha Mpala, wanasayansi walimsikilizisha kilio cha hofu cha ndege mmoja wa kijivu, mwenye kishungi, ambaye Waingereza wamempa jina lenye maana ya "nenda zako" kwa jinsi anavyolia kama mtu anayefukuza wageni. Digidigi aliacha kula, akatazama huku na huku, akakimbilia kichakani. Sauti ya ndege isiyo ya hofu haikumfanya hivyo. Habari hii ilichapishwa mwaka 2008. Asiye na ndugu wengi humsikiliza jirani.

Lakini ngojeni. Kama kila mtu anaamini vilio, si patatokea mwongo? Naam, yuko. Ni mlamba. Mlamba mnamwona hata huku kwetu: mweusi wote, jicho jekundu, mkia umegawanyika mwishoni, anapenda kukaa juu ya tawi kavu au waya. Katika jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, Bwana Tom Flower aliwatazama milamba kwa miaka kadhaa. Mlamba hufuatana na ndege wengine na wanyama wa jamii ya nguchiro. Mara nyingi akilia, adui yuko kweli. Lakini mwenzake akichimbua mdudu mnono, mlamba hulia kilio cha hatari na hali hakuna hatari. Yule mwenye mdudu anatupa chakula na kukimbia. Mlamba anashuka na kukiokota. Anajua pia kuiga vilio vya wanyama wengine. Akiona kilio kimoja hakiaminiwi tena, anabadilisha, analia kwa sauti ya mwingine. Katika maandishi ya mwaka 2014 Bwana Flower alihesabu kwamba karibu robo ya chakula cha mlamba hupatikana kwa wizi huu.

Kwa nini waliodanganywa hawamfukuzi, au hawaachi kumsikiliza? Pigeni hesabu. Nikimwamini mlamba naye amesema uwongo, nimepoteza mdudu mmoja. Nisipomwamini naye amesema kweli, nimepoteza shingo. Mwuza duka anayedanganya kidogo kwenye mizani, lakini ndiye peke yake mwenye duka mtaani, wateja wake wanamjua na bado wanakwenda.

Sasa nimefika kwa kifaru, ambaye nilimweka mwisho kwa sababu ya jina moja la Kiswahili. Mnamjua yule ndege mwenye mdomo mwekundu anayepanda mgongoni kwa kifaru, nyati na ng'ombe, akila kupe? Kiswahili kinamwita askari wa kifaru. Wazee waliompa jina hilo hawakusema mla kupe, wala hawakusema mpanda kifaru. Walisema askari. Wazungu kwa muda mrefu walimtazama kama mla kupe tu; na kweli hula kupe, ingawa pia hutoboa vidonda na kunywa damu, jambo ambalo askari mwema hafanyi.

Wataalamu wawili, Bwana Roan Plotz na Bwana Wayne Linklater, waliliamini jina lile vya kutosha hata wakalipima. Walifanya kazi katika hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, Afrika ya Kusini, kwa vifaru weusi. Mtu alimwendea kifaru kwa miguu pole pole, mahali pa wazi, na mwenzake akitazama ni wapi kifaru atatambua. Kifaru macho yake hayaoni mbali. Kifaru asiye na ndege mgongoni alimtambua mtu mara 23 tu katika kila mara 100, na alipotambua, mtu alikuwa amekwisha kufika kama mita 27. Kifaru mwenye ndege alitambua kila mara, na kwa wastani mtu alikuwa bado yuko mita 61. Kila ndege aliyeongezeka aliongeza kama mita 9. Ndege alilia, kifaru akasimama, na mara nyingi akageuka kutazama upande ule ambao upepo hauletei pua yake habari, yaani upande ambao mwindaji mjuzi angeujia. Maandishi yao yalitoka mwaka 2020, na jina la askari wa kifaru wamelitaja humo.

Tumwangalie basi kifaru aliyepoteza askari wake. Katika sehemu nyingi za kusini mwa Afrika ndege hawa walipungua sana katika karne ya 20, maana majosho ya ng'ombe yalitiwa sumu ya arseniki. Kupe wakafa na sumu, na ndege waliokula kupe wakafa. Hakuna aliyekusudia kumdhuru kifaru kwa josho. Lakini kifaru aliyebaki alibaki na macho yake mabovu, na pua yake, na mtu mwenye bunduki aliyejua upepo unakovuma.

Turudi Mbagala. Palipokuwa na mashamba ya mikorosho na minazi, leo nyumba zimegusana mpaka barabara ya Kilwa na ng'ambo yake. Mwewe yupo bado, maana takataka zetu zinamlisha. Kunguru wa kijivu shingoni yupo kupita kiasi. Naye si mwenyeji, aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka, akavuka bahari, na sasa anakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Shorewanda na chozi wanabaki pale tu penye mti na kichaka. Kuku wetu basi anaishi na jirani wapya. Kunguru huwafukuza mwewe kwa kelele nyingi, lakini kunguru hupiga kelele pia kwa mfupa, kwa mkate, na kwa kunguru mwenzake.

Hapa ndipo kazi yenu ya nyumbani ilipo. Kwa siku tatu, asubuhi moja, mchana mmoja na jioni moja, kila mtu akae uani kwake au kwa jirani mwenye kuku, kwa muda wa nusu saa. Mchore daftarini safu nne. Safu ya kwanza mwandike SAA. Ya pili, ALIYELIA: jogoo, kunguru, shorewanda, au mwingine. Ya tatu, KUKU ALIFANYA NINI: alitazama juu, alikimbia, aliendelea kudonoa. Ya nne, KILICHOONEKANA: mwewe, paka, nyoka, mtu, au hakuna. Asiyeweza bado kuandika maneno yote aandike herufi ya kwanza tu, mwalimu atamsaidia. Msifute mistari ambayo kuku hakufanya kitu, maana hiyo nayo ni jibu. Nataka hasa kuona mistari ya kunguru.

Madaftari yakusanywe na mwalimu siku ya somo lijalo. Kwaherini.